Fundi wa simu aliyeunda kompyuta akaambiwa anyamaze

Juzi mtoto wa jirani yangu, mwanafunzi wa sekondari, alinijia na daftari mkononi. Akanipa shikamoo, kisha akaniuliza: eti mzee, nani alivumbua kompyuta? Nikamjibu haraka haraka kama wengi tunavyojibu. Nikamtajia Charles Babbage, Mwingereza wa karne ya 19 aliyebuni mashine ya kukokotoa asiikamilishe. Kisha nikawataja Wamarekani Mauchly na Eckert, ambao ENIAC yao ilitangazwa kwa ulimwengu Februari 1946. Kijana akaandika, akashukuru, akaenda zake. Nami nikabaki nasutwa na moyo, maana kuna mtu nilimruka. Leo nataka kumlipa deni lake.

Mtu huyo ni Tommy Flowers. Alizaliwa mwaka 1905 huko Poplar, mashariki mwa London, mtoto wa fundi mwashi. Hakuwa profesa. Mchana alijifunza ufundi, jioni akahudhuria masomo ya usiku hadi akapata shahada ya uhandisi wa umeme. Mwaka 1926 aliajiriwa na Posta ya Uingereza, na kazi yake ikawa mitambo ya simu.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Hitler na majemadari wake walipelekeana amri kwa mashine iliyoitwa Lorenz, ambayo ilivuruga herufi ili adui asiambulie kitu. Wataalamu wa Kiingereza pale Bletchley Park walikwisha kujua inavyofanya kazi. Lakini magurudumu yake yalipangwa upya mara kwa mara, na kuutafuta mpango huo kwa mkono kulichukua muda mrefu mno. Wakaunda mashine ya kusoma kanda mbili za karatasi kwa pamoja. Kanda zikawa zinapishana na kukatika.

Februari 1943 Flowers akaja na rai yake. Kanda iwe moja tu, kazi ya ile ya pili ifanywe na valvu, zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani. Alizitaka zaidi ya 1,000. Wakubwa wakaguna, kwani kila mtu alijua valvu huungua ovyo. Flowers alijua zaidi yao. Kwenye mitambo ya simu alikwisha kuona kwamba kinachoiua valvu ni kuwashwa na kuzimwa. Ukiiacha inawaka, inadumu.

Pale Bletchley hawakusadiki. Basi akarudi kwenye karakana ya Posta, Dollis Hill, akaanza kazi na mafundi wenzake, na sehemu ya gharama akaitoa mfukoni mwake. Baada ya miezi 11 mashine ilikuwa tayari. Ikaitwa Colossus. Ilianza kazi Bletchley Februari 1944, ikisoma herufi 5,000 kwa sekunde. Ya pili, iliyo bora zaidi, iliwashwa tarehe 1 Juni, siku tano kabla majeshi ya washirika hayajatua Normandy. Vita vilipokwisha zilikuwa 10.

Na shukrani je? Nyingi zilivunjwavunjwa. Flowers akaamriwa kuchoma michoro yake, akaitia motoni kwa mkono wake mwenyewe. Alipewa paundi 1,000, ambazo hazikutosha hata kurudisha alizotumia. Inasimuliwa kwamba baadaye aliomba mkopo benki ili aunde mashine kama ile, akakataliwa kwa kuwa benki haikuamini ingewezekana. Naye, kwa kiapo cha siri, hakuweza kusema kwamba alikwisha kuiunda!

Nisieleweke vibaya. ENIAC, yenye valvu zipatazo 18,000, iliweza kupangiwa hesabu za aina nyingi, wakati Colossus ilikuwa na kazi yake maalumu. Sifa za Wamarekani ni zao kwa haki. Lakini Colossus iliitangulia kwa miaka miwili, na mwenye nayo akanyamaza.

Siri ilianza kufunguliwa miaka ya 1970, Flowers akiwa mzee. Mwaka 1993 alihitimu kozi ya mwanzo ya kompyuta katika chuo kimoja cha London, akapewa cheti kama mwanafunzi mwingine yeyote. Mwaka 1996 alishuhudia Colossus iliyoundwa upya ikiwashwa pale pale Bletchley. Akafariki mwaka 1998, akiwa na miaka 92.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao, ngoma ikazimwa, akaambiwa asiseme kwamba aliwahi kucheza. Siri wakati wa vita naielewa. Siri ya miaka 30 baada ya vita, kwa mtu aliyetoa hadi fedha zake, hiyo sijapata wa kunieleza.

Kesho nitamwita yule kijana. Nitamwambia alete daftari, aongeze jina moja.