Waya umekatika wapi? Historia ya ugomvi kati ya mteja na mwenye laini

Agosti 2024 nilikuwa na wasilisho la pendekezo langu la utafiti kwa njia ya video. Jopo la watu wanne, dakika ishirini. Dakika ya sita mtandao ukakata. Ukarudi, nikaomba radhi, ukakata tena. Mara ya tatu mwenyekiti akanitumia ujumbe kwenye simu: tutapanga tarehe nyingine. Tarehe nyingine ikaja kuwa muhula uliofuata.

Nikapiga simu huduma kwa wateja nikiwa nimevimba kwa hasira. Dada aliyepokea alinisikiliza vizuri tu, akaniambia nizime rauta, nihesabu mpaka kumi, niwashe. Iliposhindikana akasema: "Pole sana kaka, tatizo ni mkongo wa baharini. Mafundi wanalishughulikia."

Utamjibu nini mtu aliyekwambia tatizo lako liko chini ya bahari?

Miezi mitatu kabla, jibu hilo lingekuwa kweli tupu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Lakini Agosti mikongo hiyo ilikuwa imeshaungwa zamani. Jibu lilibaki, sababu ilishaondoka.

Basi nikabaki na maswali mawili: waya umekatika wapi, na ni nani mwenye wajibu wa kuthibitisha? Kumbe maswali haya yana umri wa zaidi ya miaka 160. Twende pamoja.

Kulipia waya uliokufa

Agosti 1858 waya wa kwanza wa telegrafu ulivuka Bahari ya Atlantiki, kutoka Ireland hadi Newfoundland. Malkia Victoria akamtumia salamu Rais Buchanan wa Marekani. Ujumbe wa maneno kama 98 ulichukua takriban saa 16 kupita! Watu walisherehekea mitaani hata hivyo. Lakini ishara zilikuwa dhaifu, na fundi mkuu wa umeme wa kampuni, Wildman Whitehouse, aliamini dawa ni nguvu: akausukumia waya umeme wa karibu volti 2,000. Wiki chache baadaye waya ukafa kabisa. Ukaanza mchezo wa kunyoosheana vidole. Je, ni mtengenezaji, ni wawekaji, au ni Whitehouse? Hakuna aliyeweza kuthibitisha, maana hakukuwa na kipimo ambacho wote walikubaliana nacho.

Kisa cha pili kinauma zaidi. Mwaka 1859 na 1860 kampuni moja ya Uingereza ililaza waya kupitia Bahari ya Shamu, kutoka Suez hadi Aden, kisha hadi Karachi. Serikali ya Uingereza ilikuwa imewahakikishia wenye hisa asilimia 4.5 kwa mwaka, kwa miaka 50, bila kuweka sharti kwamba waya uwe unafanya kazi. Waya wenyewe ulikuwa mwembamba, tena ulilazwa ukiwa umevutwa mno. Sakafu ya bahari ina mabonde na vilima, kwa hiyo ulining'inia kama kamba ya kuanikia nguo, viumbe vya baharini wakaota juu yake, na uzito ukaukata. Kipande kimoja kikafa, kikafuata kingine. Walipa kodi wakaendelea kudaiwa takriban pauni 36,000 kila mwaka kwa ajili ya chuma kilicholala chini ya bahari.

Yaani, kama umewahi kulipia kifurushi cha mwezi mzima ukatumia wiki moja, una ndugu zako wa karne ya 19.

Kipimo kilichozaliwa na ugomvi

Hasara hizo mbili zilifanya iundwe kamati ya uchunguzi, iliyotoa ripoti yake mwaka 1861. Moja ya mafunzo yaliyotoka humo ni kwamba waya lazima upimwe: kiwandani, melini, na baada ya kulazwa. Sawa, lakini kwa kipimo gani? Wakati huo fundi mmoja angeweza kueleza ukinzani wa waya kwa kuulinganisha na maili kadhaa za waya wa shaba wa aina fulani, na mwenzake akatumia waya wa aina nyingine. Mkataba kati ya mnunuzi na mtengenezaji ukitumia vipimo vya namna hiyo, kila mmoja atashinda kesi kwenye daftari lake.

Mwaka huohuo 1861, wahandisi wawili wa telegrafu, Latimer Clark na Charles Bright, walipendekeza vipimo vya pamoja vya umeme. Chama cha wanasayansi cha Uingereza kikaunda kamati, na mwanafizikia William Thomson (baadaye Lord Kelvin) akiwa mmoja wa wasukumaji wake wakuu. Kufikia 1865 kamati ilikuwa inasambaza koili za mfano zenye ukinzani uleule mmoja. Hicho ndicho kizazi cha ohm tunayoikariri kidato cha tatu. Tunafundishwa kama vile ilishuka kutoka mbinguni. Ukweli ni kwamba ilisukumwa sana na watu waliochoka kubishana kuhusu waya mbovu.

Faida yake ilionekana mara moja. Tuseme kila maili ya waya wako ina ukinzani wa ohm 4. Waya umekatika baharini na ncha yake inagusa maji ya chumvi. Ukipima ukiwa ufukweni ukapata ohm 800, unajua tatizo liko kama maili 200 kutoka ulipo. Baharini mahesabu yana vikwazo zaidi ya hapo, ila wazo ndilo hilo. Meli haitafuti tena kwa kubahatisha, na mtengenezaji hawezi kusema "labda ni kule mbele".

Waya unafika kwetu

Januari 22, 1879, jeshi la Waingereza lilipigwa vibaya na Wazulu huko Isandlwana. Habari zilifika London Februari 11, siku 20 baadaye, kwa sababu kusini mwa Afrika hakukuwa na waya wa kuwaunganisha. Serikali ikaamka. Mwaka huohuo waya ukalazwa kutoka Aden kupitia Zanzibar na Msumbiji hadi Durban. Ndiyo, Aden ileile ya waya uliokufa, safari hii ukiwa umejengwa kwa mafunzo ya 1861. Hata neno letu "simu" linabeba kumbukumbu ya zama hizo: asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya.

Waya huo ulilazwa kwa ajili ya himaya, haukulazwa kwa ajili ya mkulima wa karafuu. Intaneti ya nyaya za bahari ilisubiri mpaka Julai 2009, SEACOM ilipowashwa. Kabla ya hapo tulitegemea zaidi setilaiti zilizo umbali wa karibu kilomita 36,000 juu, na kila mbofyo uligharimu zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi.

Siku hizi ndani ya mkongo kuna mwanga, lakini hila ya kutafuta jeraha ni ileile. Fundi anatuma mmweko wa mwanga na kusubiri mwangwi. Mwanga ndani ya kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya milisekunde moja, umesafiri kilomita 200 kwa jumla, hivyo jeraha liko kilomita 100.

Nikarudi nyumbani kwangu

Sina mashine ya kutuma mwanga. Nina laptop, na wazo la 1861: gawa njia vipande, pima kila kipande.

Kwanza nilichomeka laptop kwenye rauta kwa waya, ili Wi-Fi isisingiziwe. Nikatuma pakiti 100 kwa programu ya ping hadi kwenye rauta: zote zilirudi, milisekunde moja. Kipande cha ndani ya nyumba kizima. Kisha nikatumia traceroute, inayoonyesha vituo ambavyo pakiti zinapitia. Kwenye kituo cha kwanza cha mtoa huduma, pakiti 23 kati ya 100 zilipotea, na upotevu ukaendelea kwenye vituo vyote vya mbele. Hapo kuwa makini: upotevu kwenye kituo kimoja cha katikati peke yake si ushahidi, maana baadhi ya vituo hupuuza ping makusudi. Ushahidi ni pale upotevu unapoanzia mahali na kuendelea hadi mwisho.

Pia nilijaribu tovuti zilizohifadhiwa hapahapa nchini. Mkongo wa baharini ukikatika, zinazoumia ni za nje. Za ndani huendelea kupumua. Kwangu zote zilikwama. Mwisho nikafungua ukurasa wa rauta unaoonyesha nguvu ya mwanga inayopokelewa. Kwa faiba nyingi za majumbani, chini ya takriban -27 dBm ni eneo la matatizo. Yangu ilisoma -29.

Niliandika kila kitu kwa tarehe na saa, kwa siku kadhaa, kisha nikapiga simu tena. Safari hii sikufoka. Yule dada naye anasoma karatasi aliyopewa, hana koili ya ohm mkononi. Nilimpa namba, nikaomba namba ya malalamiko, nikamwambia nisiporidhika nitafuata utaratibu na kupeleka suala TCRA.

Fundi alikuja baada ya siku mbili. Alipanda nguzo ya mtaa wa pili, akafungua kisanduku, akacheka. Faiba ilikuwa imekunjwa kona kali na kukazwa kwa waya wa kufungia. Faiba ikikunjwa hivyo mwanga huvuja nje, na upepo ukiitikisa huvuja zaidi. Aliilegeza, akabadilisha kiunganishi, rauta ikasoma -21. Kazi ya dakika kumi na tano, mita kama 150 kutoka kitandani kwangu. Hakukuwa na bahari hapo.

Nilidai fidia ya siku 19. Baada ya barua pepe tatu nilirudishiwa siku 12. Muhula wangu, huo haukurudi.