Walianza Kabla ya Kujipanga

Kuna kauli moja ya rika letu nimeisikia mpaka nimeizoea: "Wacha nijipange kwanza, halafu nitamrudia Mungu." Yaani uache pombe kwanza, umalizane na yule mtu wako wa pembeni, upate nguo za kanisa, ndio sasa ubishe mlango. Lakini kuna historia ya hapa kwetu inayoipinga kabisa, na wengi tunaijua tu kama wimbo wa shosho: Tukutendereza.

Turudi 1929, Kampala, kilima cha Namirembe. Joe Church, daktari Mwingereza, ametoka hospitali ya Gahini, Rwanda, amechoka hajiwezi. Njaa kali imepita Rwanda, na yeye mmishonari, mtu wa kuwaleta wengine kwa Mungu, amekauka ndani. Hapo Namirembe anakutana na Simeon Nsibambi, Mganda aliyekuwa mfanyakazi wa serikali kwenye idara ya afya. Naye ana kiu ileile. Wakakaa chini, wakafungua Biblia, wakaomba pamoja.

Utasema, sasa hiyo ni stori gani? Angalia mwaka. Hiyo ni enzi ya ukoloni. Mzungu anafundisha, Mwafrika anasikiliza, hata kanisani. Halafu daktari mzungu anakubali mbele ya Mwafrika kwamba yeye pia ni mhitaji. Kama Mungu yuko karibu na hawa wawili sawasawa, basi hakuna aliye juu ya ngazi akimpitishia mwenzake neema.

Nsibambi aliacha kazi akawa mhubiri. Mdogo wake, Blasio Kigozi, alienda kufundisha Gahini, akafariki Januari 1936 akiwa bado kijana. Lakini moto ulikuwa umeshawaka. Watu walisimama mikutanoni wakataja dhambi zao wazi: wizi, chuki, uzinzi. Wengine walirudisha vitu walivyoiba. Waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Mwaka 1937 wajumbe wao walifika Kabete, na kutoka hapo uamsho ukaenea Kenya.

Sasa cheki mpangilio wa mambo. Hawakurudisha mali ili Mungu awakaribie. Waliirudisha juu alikuwa ameshawakaribia. Ni kama Zakayo: Yesu alijialika nyumbani kwake wakati bado ana pesa za watu. Hesabu ya kulipa ilikuja baadaye, na ilikuja kwa furaha.

Na usidhani huu ukaribu ulikuwa wa kuimba na kulia tu. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, waliookoka wengi wa Kikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau wakisema damu ya Kristo inawatosha. Kuna waliokataa pia kubeba bunduki za wakoloni. Fikiria hapo katikati: huku unaitwa msaliti, huku unashukiwa. Wengine waliuawa. Siwahukumu waliopigania ardhi yao, walikuwa na haki ya kudai. Nasema tu kwamba mtu hafi kwa ajili ya Mungu anayemjua kwa kusikia.

Uamsho pia ulikuwa na shida zake. Baadaye kuna walioanza kupima wokovu kwa mavazi na mapambo, na ndugu wakagawanyika. Nafikiri ndio maana sisi tulirithi sheria bila kuambiwa stori. Tuliona shosho akikataza hereni, hatukuambiwa kwamba mwanzo wa yote ulikuwa watu wawili waliochoka, wakasema ukweli.

Kwa hivyo ukiniuliza unaanzia wapi na Mungu, nitakuambia ulipo sasa hivi, hata kama ni kwa matatu ukirudi nyumbani saa nane usiku. Mwambie yale unayoficha, kwa lugha unayoongea na mabeshte. Mwombe Yesu akusamehe, mwambie unataka kumfuata. Kisha fungua Injili ya Luka usome polepole. Halafu tafuta mtu mmoja wa kuaminika umwambie umeanza, juu hata Church na Nsibambi hawakuanza kila mtu kivyake.

Hayo mengine ya kujipanga, mtayapanga mkiwa pamoja naye.