Kageye: Bandari ya Usukuma Kabla ya Mwanza

Kageye ni kijiji kidogo cha Wasukuma katika pwani ya kusini ya Ziwa Victoria, mashariki ya mji wa Mwanza, upande wa Magu. Wasafiri wa karne ya 19 waliliandika jina lake kwa namna nyingi: Kagehyi, Kagei, Kaguehi. Waamini wa Bariadi, Maswa na Meatu wana sababu ya kukifahamu, kwa kuwa Mto Simiyu, ulioupa jina mkoa wetu mwaka 2012, humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke, si mbali na pwani hiyo.

Usukuma ya kale haikuwa dola moja. Zilikuwepo temi nyingi ndogondogo, kila moja ikiwa na ntemi wake, na chini yake banangwa waliosimamia vijiji. Kiti kilirithiwa kwa upande wa mama, hata mara nyingi aliyetawazwa alikuwa mtoto wa dada yake ntemi. Neno lenyewe wazee hulihusisha na kutema, yaani kufyeka pori na kuifungua ardhi. Stanley alimpa Kaduma, mkuu wa Kageye, cheo cha mwana wa mfalme, heshima iliyozidi kidogo ukubwa wa himaya yake.

Utajiri wa Kageye ulikuwa pwani yake. Misafara iliyotoka Bagamoyo na kupumzika Tabora iliishia hapa. Kilichobaki kilikuwa maji, na ng'ambo ya maji Buganda. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kujenga nyumba kijijini, na mashuhuri kati yao alikuwa Sungoro, aliyeunda jahazi lake kandokando ya ziwa. Pembe za ndovu zilipita hapa. Watu waliofungwa nao walipita hapa, wakivushwa kutoka ng'ambo na kusukumwa kwa miguu kwenda kusini. Hatupendi masimulizi ya historia ya Kanisa yanayoliruka jambo hili: lango lililoingiza Habari Njema lilikuwa lile lile lililotoa watumwa.

Tarehe 27 Februari 1875 Stanley aliwasili akiwa na mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo. Mwezi Machi aliondoka kulizunguka ziwa, akauona mdomo wa Simiyu na kuudhania kuwa chimbuko la mbali kabisa la Mto Nile upande wa kusini. Aliporudi mwezi Mei alikuta mwenzake, Frederick Barker, amefariki na kuzikwa kijijini. Mwaka 1877 akazikwa hapo pia daktari John Smith, mmisionari Mwanglikana. Vitabu vimewataja hao kwa majina. Wapagazi waliokufa njiani, na walikuwa wengi mno, vimewahesabu kwa idadi tu.

Mwishoni mwa mwaka huo huo Sungoro aliuawa Ukerewe pamoja na wamisionari wawili Waanglikana, Shergold Smith na O'Neill, katika ugomvi na mtawala Lukonge.

Desemba 1878 walifika Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadre Weupe, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie: mapadre Livinhac, Lourdel, Girault na Barbot, pamoja na Bruda Amans. Januari 1879 Lourdel na Amans walipanda mtumbwi, nao wakafika Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari. Wenzao watatu walibaki Kageye miezi kadhaa wakingoja kuitwa. Kanisa la Uganda huiadhimisha Kigungu kila mwaka, na ni haki yake. Lakini mtumbwi ule ulikuwa na mahali ulipotoka, na mahali hapo ni Usukuma.

Wamisionari walipolazimika kuondoka Buganda mwishoni mwa 1882, walikwenda Bukumbi, kusini ya Mwanza, wakaanzisha misheni mwaka 1883 pamoja na watoto waliowakomboa utumwani. Hapo ndipo hata Kabaka Mwanga, mwenye kuwaua Mashahidi, alipopewa hifadhi baada ya kupinduliwa mwaka 1888. Alikimbilia kwanza Magu, kisha akapokewa na mapadre wale wale aliokuwa amewaua wanafunzi wao.

Kageye haikurudia nafasi yake. Wajerumani walijenga kituo chao Mwanza katika miaka ya 1890, na reli kutoka Tabora ilipofika huko mwaka 1928, njia ya wapagazi ikaota nyasi.