Mtumishi na Upanga Wake

Somo: Wakolosai 3:22 hadi 4:1, na Zaburi ya 146

Tunawasalimu mlio nyumbani mkipepea makaa ya jiko, na ninyi mnaofunga viatu kwenda kazini, na hasa ninyi wazee wa reli wa hapa Muthurwa, ambao mpaka leo mnaamka saa kumi na moja ingawa hakuna king'ora kinachowaita. Asubuhi hii tutakwenda mbali, mpaka nchi ya Japani, miaka 440 na zaidi iliyopita, na huko tutakutana na Mwafrika.

Neno samurai wengi tumelisikia. Vijana wamewaona katika sinema, watu wenye panga ndefu wanaorukiana juu ya mapaa. Lakini asili ya neno lenyewe si vita. Latoka katika kitendo cha Kijapani cha zamani chenye maana ya kuhudumu, yaani kukaa karibu na mkubwa ukingojea atakalo. Samurai ni mtumishi. Upanga ulikuwa chombo cha kazi yake, kama vile taa na bendera vilivyokuwa vyombo vya gadi wa treni.

Mtumishi huyo aliishije? Alilipwa mchele. Wajapani walikuwa na kipimo kiitwacho koku, nacho ni mchele unaokadiriwa kumtosha mtu mmoja kwa mwaka mzima, na ukubwa wa kila bwana ulihesabiwa kwa koku zilizotoka katika mashamba yake. Mtumishi wa cheo alipewa ardhi. Mdogo alipewa posho tu. Posho ile, nyumba ile, na hata heshima ya jina lake, vyote vilitoka katika mkono mmoja. Naye kwa upande wake alilinda lango usiku, alipeleka barua, alihesabu magunia ghalani, alimfuata bwana vitani, na siku ikifika alikufa badala yake. Aliyempoteza bwana wake aliitwa ronin, maana yake mtu wa mawimbi, anayesukumwa huku na huku bila nanga.

Wazee wetu hawahitaji kuelezwa zaidi. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na baadaye zikajengwa landi za Muthurwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli Waafrika. Chumba kilikuwa kimoja, bomba na choo ni vya wote. Chumba kilifuata kazi. Kazi ikiisha, funguo zinarudi. Tena katika siku za ukoloni chumba cha mjini kilihesabiwa kuwa cha mwanamume peke yake. Mke alitakiwa kubaki nyumbani mashambani, akija awe mgeni wa siku chache.

Ajabu ni kwamba huko Japani jambo hilo lilikuwa kinyume. Bwana mwenye nguvu kuliko wote wakati ule aliitwa Oda Nobunaga. Alijenga ngome kubwa mahali paitwapo Azuchi, kando ya ziwa, akawaamuru watumishi wake wahamie hapo pamoja na jamaa zao. Mwaka wa 1578 nyumba ya mpiga mishale mmoja iliungua. Kuchunguza, ikaonekana anaishi peke yake, mke amemwacha katika jimbo la kwao Owari. Nobunaga akaagiza orodha ifanywe, nao waliokuwa kama yeye wakapatikana 120. Akatuma amri kwamba nyumba zao za Owari zichomwe moto, na wale akina mama wakaja Azuchi kwa kuwa hawakuwa tena na pa kukaa. Mabwana wawili, mmoja anawatenga mke na mume, mwingine anawaunganisha kwa kiberiti. Sisi tunaona kosa lao ni lile lile. Wote wawili walidhani kwamba anayemlisha mtu amekwisha kumnunua, pamoja na mke wake na mlango wake.

Basi, katika mji wa Kyoto, mwezi Machi mwaka wa 1581, mapadre Wajesuiti walimpeleka mtu mmoja mbele ya Nobunaga. Alikuwa mtumishi wa Alessandro Valignano, padri wa Kiitalia aliyefika Japani mwaka wa 1579 kuzikagua kazi za misheni yao. Padri Mfaransa aliyeandika mwaka wa 1627 asema alitoka Msumbiji, pwani ya bahari hii hii inayopiga Mombasa, ambako Wareno wa siku zile walikuwa wakinunua na kuuza watu. Mama yake alimwita nani? Barua za mapadre hazikujali kuandika. Wajapani walimwita Yasuke, na jina hilo ndilo lililobaki.

Watu wa Kyoto walikuwa hawajaona mtu mweusi. Walijazana kanisani kwa mapadre mpaka wakavunja mlango, na wengine wakaumia katika msongamano. Nobunaga naye hakuamini. Alidhani ni wino. Akaamuru Yasuke avue nguo mpaka kiunoni, akasuguliwa kwa maji. Hebu tumfikirie ndugu yetu, mtu wa miaka 26 au 27 kama walivyomkadiria, amesimama kifua wazi mbele ya wakubwa, anasuguliwa kama sufuria, na rangi haitoki.

Haikutoka, na Nobunaga akampenda. Yasuke alikuwa amekwisha jifunza Kijapani kidogo, na yule bwana mkali, ambaye majenerali wake walimwogopa, alifurahia kuketi na kuzungumza naye. Alimchukua katika utumishi wake. Mwandishi wa habari za Nobunaga, mtumishi wake aitwaye Ota Gyuichi, asema kijana huyu alikuwa na nguvu za kuwashinda watu kumi. Nakala mojawapo ya kitabu chake yaongeza kwamba alipewa posho, nyumba yake mwenyewe na upanga mfupi, na kwamba mara nyingine alibeba vyombo vya bwana. Samurai wa bwana mwingine, Matsudaira Ietada, alimwona njiani mwaka wa 1582 na kuandika katika shajara yake kwamba mtu huyo anaitwa Yasuke, anapokea posho, na urefu wake, kwa vipimo vyetu, ni kama sentimita 188. Mjini Kyoto wengine walisema Nobunaga atamfanya mtawala.

Uvumi huo haukupata nafasi ya kutimia. Tarehe 21 Juni 1582, kabla ya mapambazuko, Nobunaga alikuwa amelala katika hekalu la Honno-ji mjini Kyoto na watu wachache tu. Jenerali wake mwenyewe, Akechi Mitsuhide, alimzunguka kwa jeshi zima. Nobunaga alipigana, akajeruhiwa, akaingia ndani na kujiua wakati hekalu linawaka. Kufikia asubuhi yule ambaye Japani nzima ilimtetemekea hakuwa na mwili wa kuzikwa.

Hapa ndipo tunapotaka tukae kidogo. Bwana amekufa. Posho imekatika, nyumba haina mwenye kuitoa. Kanisa la mapadre, ambao Yasuke alikuja nao katika nchi ile, lilikuwa jirani tu na Honno-ji. Angeweza kukimbilia huko, na nani angemlaumu? Hakukimbia. Barua ya Padri Luis Frois yaeleza kwamba baada ya kifo cha Nobunaga alikwenda kwa mwana wa bwana wake, Nobutada, aliyekuwa amejifungia katika jumba la Nijo, akapigana huko muda mrefu. Ilikuwa vita vya kushindwa, na Nobutada naye akajiua. Ndipo mtu mmoja wa Akechi alipomkaribia Yasuke, akamwambia asiogope, ampe upanga. Akautoa.

Walimwuliza Akechi wamfanye nini. Akajibu kwamba huyu ni mnyama tu, hajui kitu, wala si Mjapani. Asiuawe, apelekwe kanisani kwa mapadre. Wako wanaosema Akechi alikuwa akitafuta njia ya kumponya bila kuonekana mpole. Huenda. Lakini neno limekwisha kutoka kinywani, na limeandikwa. Alipoingia alisuguliwa, alipotoka aliitwa mnyama, na katikati kuna miezi 15 ya utumishi ambao hata adui hakuweza kuuonea dosari.

Neno kama hilo si geni hapa. Baba zetu waliofungua njia za treni, wenye watoto na wajukuu, waliitwa boi na kijana wa miaka 20 aliyeshuka melini juzi. Wakaitika, kwa kuwa chumba kilifuata kazi. Mtume Paulo aliwaandikia watumwa wa Kolosai, watu waliozoea majina ya namna hiyo, akawaambia wafanye kazi kwa moyo wote kwa sababu aliye Bwana wao kweli yuko juu, wala wasitumike kwa kutazamwa na macho tu. Maneno haya yametumiwa vibaya mara nyingi na wenye mali, tusifiche. Mwenye mali husoma mpaka hapo, akafunga kitabu. Lakini Paulo anaendelea, na mstari wa kwanza wa sura ya nne wawageukia mabwana: nao wana Bwana, na hesabu itaulizwa. Kwa hiyo kazi ya Yasuke katika jumba la Nijo haikuwa na thamani kwa sababu Nobunaga aliistahili. Sisi hatuoni kwamba Nobunaga aliistahili. Kazi ile ilikuwa na thamani kwa sababu mtu ni mtu mbele za Mungu, na uaminifu wake ni wake, hautolewi pamoja na upanga.

Ni vigumu kulishika neno hili siku funguo zinapotakiwa. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka wa 1977 pamoja na Jumuiya, na mwaka uliofuata likaundwa Shirika la Reli la Kenya. Mwaka wa 2006 treni zilikabidhiwa kampuni ya watu binafsi, mkataba ambao nao ulivunjwa mwaka wa 2017, na wengi walikosa kazi. Mwaka ule ule wa 2006 ardhi ya Muthurwa iliingizwa katika mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli. Mwaka wa 2010 wapangaji walipewa notisi ya kuhama, wakaenda mahakamani, na tarehe 30 Agosti 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao za makao na za utu zimevunjwa. Jambo lenyewe lina uchungu pande zote mbili. Mwenye kudai nyumba ziondoke alikuwa mfuko wa wazee wastaafu wanaongojea haki yao, na waliokuwa ndani ya vyumba walikuwa, wengi wao, watoto na wajane wa watumishi wa reli ile ile. Bwana amekwisha ondoka, na watumishi wake wameachwa wakishitakiana.

Tumewasikia wazee hapa wakijitaja kwa namba zao za kazi, miaka mingi baada ya kustaafu. Hatuwacheki. Namba ile ilikuwa nyumba, ilikuwa posho, ilikuwa karo ya watoto. Ila tunauliza, je, ikiondolewa, mzee anabaki nani?

Akechi Mitsuhide hakukaa na ushindi wake hata wiki mbili. Mtumishi mwingine wa Nobunaga, Toyotomi Hideyoshi, alirudi mbio na kumpiga, na mbele kabisa katika jeshi lake alikuwako samurai Mkristo aliyeitwa Takayama Ukon, aliyebatizwa akiwa na umri wa miaka kama 12. Hideyoshi akawa bwana mpya wa Japani, na Ukon akamtumikia vizuri hata akapewa jimbo la Akashi, koku 60,000. Halafu mwaka wa 1587 Hideyoshi aliwageukia Wakristo, akampelekea Ukon habari kwamba achague: imani yake au jimbo lake.

Sisi wa Afrika Mashariki tunajua swali hilo. Mwaka mmoja kabla ya mia tatu kutimia tangu siku ile, yaani 1886, vijana wa baraza la Kabaka Mwanga waliulizwa hilo hilo, na Namugongo walichomwa Waanglikana na Wakatoliki pamoja. Walikuwa watumishi wema. Ukon naye alikuwa mtumishi mwema, mwenye ngome na watu wenye silaha, na angeweza kufanya vita. Alijibu kwamba vitu vyote vya Hideyoshi anavirudisha. Akatoka Akashi, na watumishi wake mwenyewe wakawa watu wa mawimbi kwa ajili yake, jambo ambalo lazima lilimwuma kuliko kupoteza mchele.

Hakuacha kutumika. Jamaa ya Maeda ilimpokea Kanazawa, akakaa chini ya bwana mwingine miaka 26 hivi. Mwaka wa 1614 Ukristo ulipopigwa marufuku Japani yote, alitolewa huko wakati wa theluji, mzee wa miaka 62 hivi, pamoja na mke wake, binti yake na wajukuu, wakasafiri mpaka bandari ya Nagasaki na kupakiwa melini. Mwezi wa Desemba walifika Manila, na gavana wa Kihispania akawapokea kwa heshima. Homa ilimshika, akafa Februari 1615. Walimzika huko, ng'ambo ya bahari, na waliolibeba jeneza lake walikuwa watu wa mfalme ambaye hakuwahi kumtumikia hata siku moja.