Mashoga jeshini: sheria ilianzia wapi, imefika wapi

Sisi wa Kililana ni majirani wa majeshi. Magogoni iko kambi ya Wanamaji wa Kenya, na Manda Bay wako Wamarekani, waliovamiwa na Al-Shabaab tarehe 5 Januari 2020. Vijana huniuliza: ni kweli majeshi ya wenzetu huandikisha mashoga na wasagaji? Nawajibu kwa tarehe.

Uingereza iliacha kuwashtaki wanaume kwa mapenzi ya faragha mwaka 1967, kwa England na Wales, lakini wanajeshi hawakuguswa na sheria hiyo. Polisi wa jeshi walipekua makabati na kusoma barua za watu. Waliobainika walifukuzwa, wengine walivuliwa nishani, wengine wakapoteza pensheni. Tarehe 27 Septemba 1999 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kuwa huko ni kuingilia faragha, na Januari 2000 marufuku ikaondolewa. Julai 2023 Waziri Mkuu Rishi Sunak aliomba radhi bungeni. Desemba 2024 serikali ilitangaza fidia ya hadi pauni milioni 75.

Marekani ilipita njia nyingine. Kuanzia 1994 mtu aliruhusiwa kutumikia mradi anyamaze, akijulikana, hufukuzwa. Zaidi ya 13,000 walitolewa kabla sheria hiyo kufutwa tarehe 20 Septemba 2011. Suala la waliobadili jinsia ni jengine: mwaka 2025 serikali iliwapiga marufuku tena.

Hapa Afrika, Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inakataza ubaguzi wa namna hiyo, jeshini pia. Kwetu Kenya, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kwa mkoloni, kinaweka kifungo cha hadi miaka 14. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019, na askari hayuko nje yake.

Msimamo wa dini yetu juu ya tendo unajulikana, wala siupindui. Lakini Sura ya Hujurat imetukataza pia kupelelezana. Aliyelinda nchi miaka ishirini, kisha akanyimwa pensheni kwa sababu ya barua iliyofunguliwa kabatini mwake, amedhulumiwa. Kulichukia tendo ni jambo moja. Kula haki ya mtu ni jambo jengine.