Miaka 20 ya wingu lililoundwa Cape Town, na vijana waliofundishana kulitumia

Agosti 25 mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 20 tangu Amazon ianze kukodisha kompyuta kwa saa. Huduma hiyo, iliyoitwa EC2, ilitolewa mwaka 2006 kama jaribio, kwa senti 10 za Marekani kwa saa. Aliyetaka seva hakuwa tena na haja ya kununua mashine, kutafuta chumba chenye kiyoyozi na kuweka jenereta nyuma ya jengo. Alipanga kama mtu anavyopanga chumba, akahama alipomaliza kazi yake. Leo benki, hospitali, magazeti na wizara kadha wa kadha duniani huendesha shughuli zao kwa mtindo huo tunaouita wingu.

Katika maadhimisho haya Seattle, yaliko makao makuu ya Amazon, itatajwa sana. Cape Town itapewa mstari mmoja. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, ambako vijana walifundishana kutumia chombo hicho bila kituo cha data cha karibu, huenda zisitajwe kabisa, na hilo si haki.

Simulizi inayotegemewa zaidi kuhusu kuzaliwa kwa EC2 ni ya Benjamin Black, aliyekuwa mhandisi wa Amazon, ambaye aliiandika mwaka 2009. Anaeleza kuwa mwaka 2003 yeye na bosi wake, Chris Pinkham, waliandika waraka mfupi wa kupanga upya mitambo ya kampuni. Karibu na mwisho wakagusia wazo la kuwakodishia watu wa nje seva. Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, alilipenda.

Pinkham anatoka Afrika Kusini, na alikuwa miongoni mwa watu walioanzisha biashara ya intaneti nchini humo. Mwaka 2004 alitaka kurudi nyumbani na familia yake. Badala ya kumpoteza, Amazon ilimfungulia ofisi Cape Town, na huko yeye, Christopher Brown, Willem van Biljon na kikundi kidogo cha wahandisi wakaijenga EC2. Kitabu cha Brad Stone kuhusu Amazon, kilichotoka mwaka 2013, kinaonyesha kuwa umbali kutoka makao makuu uliwasaidia, kwani walifanya kazi bila kuingiliwa kila saa.

Ipo hadithi nyingine inayopendwa zaidi, kwamba Amazon ilianza tu kuuza nafasi iliyobaki kwenye seva zake baada ya msimu wa Krismasi. Werner Vogels, ofisa mkuu wa teknolojia wa kampuni hiyo, ameikanusha hadharani, lakini haijafa. Kila inaporudiwa inawafuta watu waliokaa kusini mwa Afrika wakaunda kitu kipya kabisa.

Hata hivyo, kuundwa Afrika hakukuwa na maana ya kuifaidi Afrika mapema. Mwaka 2006 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo hata mmoja wa baharini. Intaneti ilikuja kwa satelaiti, ghali na ya kusuasua, hadi SEACOM ilipowasha mkongo wake Julai 2009 na EASSy kufuata mwaka 2010. Kampuni iliyozindua EC2 ilifungua vituo vyake vya data Cape Town Aprili 2020, karibu miaka 14 baada ya uzinduzi. Katikati ya miaka hiyo, mwanafunzi wa Nairobi aliyetaka kuanzisha seva alikuwa akizungumza na mashine iliyoko Ireland au Marekani.

Waliowafundisha mafundi wa kwanza hawakuwa kampuni za wingu. Mwaka 2000 wahandisi wa Kiafrika walikutana Cape Town wakaanzisha AfNOG, jumuiya ya waendeshaji mitandao wa bara hili, chini ya uongozi wa Profesa Nii Quaynor wa Ghana. Kila mwaka walihamia mji mwingine: Kampala 2003, Nairobi mwaka huo huo wa 2006 EC2 ilipotoka, Kigali 2010, Dar es Salaam 2011. Mafunzo yalitolewa kwa Kiingereza na Kifaransa, na yalikuwa ya mikono. Mshiriki alipewa mashine tupu, akaweka mfumo, akasimika seva ya barua pepe na ya majina ya mtandao, ikiharibika akairekebisha mwenyewe. Waliofundishwa mwaka mmoja walirudi miaka iliyofuata wakiwa wakufunzi, bila malipo. Baadhi ya waliokuja kuendesha kampuni za intaneti na mitandao ya vyuo vya kanda hii walipita hapo.

Machi 2010 kikazaliwa kituo cha ubunifu cha iHub, ghorofa ya nne ya jengo la Bishop Magua, Ngong Road, Nairobi, kikiongozwa na watu wa Ushahidi, programu iliyotokana na ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007. Mwaka huo huo Kampala ikapata Hive Colab, na wanawake wanne wa Nairobi wakaanzisha AkiraChix kufundisha wasichana kuandika programu. Dar es Salaam ikafuata na Buni chini ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania. Kote huko mpango ulikuwa mmoja: chumba, intaneti ya kasi, na mwenzako wa kumuuliza pale programu inapogoma.

Kisha ikaja Andela, na hapo ndipo hesabu ya nani anastahili kufundishwa ilipoleta mtafaruku ambao bado unazungumzwa.

Andela ilianzishwa Lagos mwaka 2014, waanzilishi wakiwemo Jeremy Johnson wa Marekani na Iyinoluwa Aboyeji wa Nigeria. Ilifika Nairobi mwaka 2015, baadaye Kampala, na Kigali mwaka 2018. Ahadi yake ilikuwa ngeni masikioni mwa wazazi waliozoea karo, kwa sababu mwanafunzi alilipwa akiwa anasoma, akafunga mkataba wa miaka minne, kisha akakodishwa kwa kampuni za nje, hasa za Marekani. Maombi yalikuwa mengi mno kuliko nafasi. Juni 2016 taasisi ya Mark Zuckerberg wa Facebook na mkewe iliongoza uwekezaji wa dola milioni 24 katika Andela. Septemba mosi mwaka huo Zuckerberg mwenyewe akatua Nairobi, akapita iHub, na mchana akala samaki na ugali kwenye mgahawa wa Mama Oliech akiwa na waziri Joseph Mucheru. Picha ile ilizunguka nchi nzima. Huenda wapo vijana wa vyuo walioiona wakaamua kwamba kazi ya programu ni kazi ya kweli.

Ubishi ulikuwapo tangu mwanzo. Wakosoaji walisema vipaji vya Afrika vinakodishwa kwa bei ya chini ili kujenga kampuni za watu wengine, huku kampuni changa za hapa zikikosa wahandisi. Waliokuwa ndani walijibu kwamba hakuna chuo kikuu kilichowahi kuwapa laptopu, mshahara na mkubwa wa kazi anayekagua kila mstari wa programu wanayoandika. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na kwa muda mambo yalikwenda. Januari 2019 Andela ilipata dola milioni 100 nyingine.

Septemba 17, 2019 ikatangaza kuwaachisha kazi wahandisi wachanga wapatao 250 Nigeria na Uganda, na kwamba wengine 170 wa Kenya wangeweza kuguswa. Maelezo ya Johnson yalikuwa kwamba wateja wanataka wahandisi wazoefu na kampuni imefundisha wachanga wengi kuliko inavyoweza kuwatafutia kazi. Mpango wa kulea wanaoanza ulifungwa katika nchi hizo tatu na kubakizwa Rwanda. Waliopoteza kazi waliahidiwa msaada wa kutafuta nyingine kupitia vituo vya ubunifu, iHub ikiwa mojawapo kwa upande wa Kenya. Mwezi huo huo iHub nayo ikanunuliwa na CcHUB, kituo cha ubunifu cha Lagos.

Ukiitazama leo, sababu ile haikuwa ya uongo. Soko linalipa uzoefu. Lakini mwenye uzoefu wote aliwahi kuwa mchanga, na mahali pa kuupata uzoefu huo ndipo palipofungwa. Hasira ya vijana wa 2019 haikutokana na mafunzo kuwa mabaya. Walifundishwa vizuri, wakaaminishwa kwamba bidii yao ndiyo kipimo, kisha wakapimwa kwa kitu ambacho bidii peke yake haikuweza kuwapa. Andela yenyewe iligeuka soko la wahandisi wanaofanya kazi wakiwa popote, na mwaka 2021 ikathaminiwa kwa dola bilioni 1.5.

Pengo hilo lilijazwa na watu wa kujitolea, na ndio ambao makala hii inawadaia heshima. Vikundi vya watumiaji wa wingu la Amazon na la Google vilikuwa vimeshaanza kukutana Nairobi na kwingineko. Corona ilipofunga vyuo mwaka 2020, vilihamia mitandaoni na vikafika miji ambayo haikuwahi kuwa na kituo cha ubunifu. Google, kwa kushirikiana na Andela na Pluralsight, ilitoa maelfu ya nafasi za kusoma bure, mkondo wa wingu ukiwemo. Masomo yalitoka kwenye kompyuta za kampuni hizo. Maswali ya saa nne usiku yalijibiwa na wenzao kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram.

Darasa la kawaida la vikundi hivi ni Jumamosi, katika chumba cha kuazima. Kikwazo cha kwanza huja kabla ya somo, kwani kufungua akaunti kunahitaji kadi ya benki. Kwa miaka mingi wengi wenye M-Pesa tu waliazima kadi za kaka au shangazi, hadi Safaricom na Visa walipotoa kadi ya mtandaoni mwaka 2022. Akaunti ikishafunguka, mkufunzi makini haanzi na seva. Anaanza na kengele ya bili, yaani onyo linalotumwa kwa barua pepe matumizi yakifika kiwango fulani. Mwanafunzi akisahau mashine imewashwa kwa mwezi mzima, deni huja kwa dola, na mkufunzi anajua fika dola kumi ni nini kwa mtu anayekula kwa bajeti ya bumu, yaani posho ya mkopo wa chuo, au ya kibarua.

Ndipo seva inapoanzishwa. Mwanafunzi anachagua eneo, ukubwa na mfumo, kisha anapewa faili dogo la ufunguo ambalo hutolewa mara moja tu. Akilipoteza, hapati nakala. Kila darasa lina wawili watatu ambao hawakumbuki walikoliweka, na hapo somo la usalama hujifundisha lenyewe. Baada ya hapo wanaingia kwenye mashine, wanaweka ukurasa wenye majina yao, na jirani anaufungua kwenye simu yake. Ikitokea ukurasa umegoma, mara nyingi ni mlango namba 80 ambao haukufunguliwa kwenye ukuta wa ulinzi. Maelezo hutolewa kwa Kiswahili na Sheng, kisha maneno yale yale hurudiwa kwa Kiingereza kwa sababu mtihani wa cheti hautolewi kwa Kiswahili.

Cheti chenyewe, cha ngazi ya kwanza cha Amazon, kina maswali 65 ya dakika 90 na ada ya dola 100, kiasi cha shilingi 13,000 za Kenya. Hudumu miaka mitatu. Kwa anayetafuta kazi ya kwanza ni fedha nyingi, na ndiyo maana vocha za punguzo zinazopitia vikundi hivi hugombewa. Mwaka 2020 Amazon iliahidi kuwapa watu milioni 29 duniani mafunzo ya bure ya wingu kufikia 2025, na mwaka 2024 ikasema imeshafikia zaidi ya milioni 31. Ni kazi kubwa. Ila takwimu hiyo inahesabu waliofikiwa na mafunzo, na mwajiri wa Upanga, Dar es Salaam, au Westlands, Nairobi, anauliza swali jingine: umewahi kuendesha nini, na kilipoanguka ulifanyaje?

Siku hizi mambo yanakwenda kasi. Microsoft ilifungua vituo vya data Afrika Kusini Machi 2019, Google ikafuata Johannesburg Januari 2024, na Mei mwaka huo Microsoft na G42 ya Falme za Kiarabu wakatangaza mradi wa dola bilioni moja nchini Kenya, kituo chake kikikusudiwa kutegemea mvuke wa ardhini wa Olkaria. ALX, taasisi ya mafunzo ya teknolojia barani Afrika, imeingiza masomo ya wingu katika kozi zake. Hata hivyo wingu bado linategemea nyaya za baharini: Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi.

Karibu zaidi na nyumbani, baadhi ya vyuo vikuu vyetu bado vina maabara za kompyuta zinazofungwa Ijumaa jioni na kufunguliwa Jumatatu asubuhi, wakati vikundi hivi vikizunguka mjini kutafuta chumba cha Jumamosi. Kuwafungulia milango, kumpa mkufunzi nauli na bando, na kuhesabu saa zake kama mafunzo kazini ya wanafunzi ni mambo ambayo mkuu wa idara anaweza kuyaamua muhula huu, bila kusubiri mfadhili wala kampuni ya ng'ambo.