Kamina: Nyumba Iliyofungwa na Mkataba

Reli ndiyo iliyoifanya Kamina kuwa mji. Kampuni ya BCK, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilifikisha njia yake Bukama mwaka 1918, na kufikia 1928 njia hiyo ilikuwa imepita Kamina hadi Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo. Tawi la kwenda Kabalo lilipokamilika mwaka 1956, Kamina ikawa njia panda.

Treni zilihitaji watu, na watu walihitaji pa kulala. Katika Katanga ya Wabelgiji, nchini Kongo, jibu lilikuwa kambi: mwajiri anajenga, mwajiri anagawa, mwajiri anafukuza.

Mfano ulitoka migodini. Mwanzoni kampuni ya madini ya Union Minière ilichukua vijana wa Lomami kwa mikataba mifupi, nao wengi walikufa kwa magonjwa. Kuanzia mwaka 1928 kampuni ikageuza mwendo: mkataba wa miaka mitatu, mke aje pia, familia ipewe nyumba yake. Hesabu ilikuwa wazi, maana kusaka vibarua wapya kila mara kuligharimu zaidi ya kujenga. Maisha kambini yakawa nafuu, pamoja na poso (mgao wa chakula), zahanati na shule. Lakini aliyeachishwa kazi alipoteza mshahara, poso na paa kwa siku moja.

Mwaka 1953 amri ya kikoloni iliwaruhusu Wakongo kumiliki mali isiyohamishika mmoja mmoja. Lakini ofisi ya ujenzi, OCA, iliyoundwa mwaka 1952, ilielekeza nguvu kwenye miji mikubwa kama Léopoldville na Élisabethville.

Baada ya uhuru milango ikabadilika, kufuli ikabaki. Sheria ya mwaka 1973 ilitangaza ardhi yote kuwa mali ya dola, na mwaka uliofuata reli zikaunganishwa chini ya kampuni ya taifa. Kampuni hiyo ilipodhoofika, mishahara ilikwama kwa miezi mingi. Kwa familia nyingi za wanareli nyumba ya kazi ikawa ndiyo malipo pekee yaliyosalia mkononi.

Kamina ilifanywa makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami mwaka 2015, na ofisi zikaongeza uhitaji wa vyumba. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 bado inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba au posho ya nyumba. Mama anayeuza muhogo sokoni na kijana anayebeba mizigo stesheni hawana mkataba, kwa hiyo kifungu hicho hakiwafikii. Wao hujenga polepole, tofali kwa tofali, kwenye viwanja vyao.